Njia Nne za Kurudi Nyumbani

Jumamosi

Kijana wa mwenye nyumba wetu anaoa Desemba, na zawadi yake ya harusi ni nyumba tunayokaa sisi, Tabata Segerea. Mzee alilisema hilo kwa upole, sahani ya ubwabwa wetu iko mkononi mwake, hata nafasi ya kukasirika hatukupata. Miaka tisa tumemlipa kodi ya miezi sita sita. Safari hii Baba Watoto kasema basi, hatupangi tena. Tunanunua.

Tuna milioni 48: akiba ya SACCOS, fungu letu la shamba la marehemu baba mkwe, na mkopo ambao mshahara wangu utaukoma. Ndani ya jiji fedha hiyo inakupa ukuta na geti, nyumba utaitafuta baadaye. Kwa hiyo tunatoka nje. Ukitazama ramani, Mkoa wa Pwani umeizunguka Dar es Salaam kama kanga kiunoni: Bagamoyo kaskazini, Kibaha magharibi, Kisarawe kusini-magharibi, Mkuranga kusini. Baba Watoto anaitaka Kibaha kwa sababu dada yake yuko hukohuko, mtaa wa Picha ya Ndege. Mimi naitaka Bagamoyo kwa sababu ya upepo. Nitaongeza, kwa kunong'ona, kwamba naitaka pia kwa sababu wifi yangu hayuko huko.

Kabla ya kutoka tumewekeana sharti moja: hakuna kupanda gari la dalali. Dalali hukuchukua Jumamosi saa nne asubuhi, barabara nyeupe, kiyoyozi kinapuliza, na ukiuliza umbali anakujibu, "Dakika arobaini tu, dada." Hasemi uongo. Ni dakika arobaini, Jumamosi, saa nne. Mimi ni nesi wa hospitali moja ya Ilala, zamu ya asubuhi naingia saa moja na nusu. Mwenzangu anauza spea mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo. Basi tutakwenda kwa daladala, tulale hukohuko, tuamke na wanaoamka. Watoto wamebaki na bibi yao.

Leo tumeanza na kwangu, Bagamoyo. Makumbusho tulipata gari la Bagamoyo, tukakaa dirishani, na baada ya daraja la Mpiji, ulipo mpaka wa Dar na Pwani, hewa ilibadilika. Tuliteremka Kerege. Dalali alikuwa anatungoja na kijiti mdomoni. "Dakika tano kutoka lami," alisema. Nilitazama saa: dakika ishirini na mbili, na sehemu moja tulivua viatu kwa ajili ya mchanga. Nyumba yenyewe nitaiota. Vyumba vitatu, kimoja na choo chake, baraza pana, minazi minne na mwembe. Milioni 46.

Maji? "Bomba kuu la Ruvu Chini linapita hapo barabarani, mama." Linapita kweli. Mtambo wa Ruvu Chini uko wilaya hiihii ya Bagamoyo, na maji yake yanaifuata barabara hii kwenda mjini. Lakini bomba kupita na bomba kuingia ni mambo mawili. Nilichungulia kwa jirani, nikaona madumu ya njano kumi na manne yamepangwa barazani. Ukiona madumu yamepangwa hivyo, huna haja ya kumuuliza mtu.

Jumapili

Tulilala gesti Bagamoyo mjini. Leo hatukufanya kazi yoyote ya maana, na siombi radhi. Tulitembea Mji Mkongwe, tukapita kwenye magofu ya boma, tukakaa ufukweni kutazama majahazi yakishusha samaki. Baba Watoto alikula pweza wa sahani mbili. Mzee mmoja wa sokoni alitukumbusha kwamba Wajerumani walikuwa na makao yao makuu hapa kabla ya kuyahamishia Dar mwaka 1891. "Tangu hapo," alisema, "watu wanatoka Bagamoyo kwenda Dar kila siku." Alicheka sana peke yake.

Pia alituonya juu ya upande wa Mbegani na Mlingotini: ardhi yake kubwa iliingizwa kwenye mpango wa bandari na eneo la EPZ, yaani la viwanda vya kuuza nje, na wapo wanaouza vipande humo kwa wageni wasiojua. Niliandika majina ya vijiji nyuma ya risiti ya pweza.

Bwaga moyo, wanasema. Jioni hii wangu niliubwaga.

Jumatatu

Niliamka saa tisa usiku. Saa kumi na dakika tano tulikuwa stendi, na hatukuwa wa kwanza. Gari liliondoka limejaa viti vyote. Kufika Kerege, Kerege yangu ya minazi, palikuwa na watu kama thelathini gizani, simu zinawaka mikononi. Konda hakusimamisha. Aligonga bati mara mbili tukapita. Niliwaona wakirudi nyuma hatua moja wote kwa pamoja, bila kulalamika, kama watu waliozoea.

Mapinga hivyohivyo. Bunju tukaanza kutambaa. Tegeta kulikuwa kumekucha. Nilifika Makumbusho nimesimama, kwa sababu Boko niliinuka kumpisha mama mwenye mtoto mgongoni, kisha nikabadili gari, nikaingia wodini saa mbili kasoro dakika kumi. Dakika ishirini nimechelewa. Dada mkuu wa zamu alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, hakusema kitu. Ningependa angesema.

Saa tatu na dakika arobaini na tano, njia moja. Kerege ingepunguza hapo, ndiyo, lakini Kerege gari halisimami. Hili sikulijua kabla ya leo, au nililijua nikajificha nisilione: mahali unapopandia ni kitu kikubwa kuliko kilomita. Wa mwanzo wa njia anakaa. Wa katikati anapungiwa mkono. Wenzangu wa wodini wanaokaa katikati ya njia hupanda gari linalorudi mwanzo, wakageuza nalo, wakalipa nauli mara mbili ili wapate kiti. Kila siku ya Mungu.

Jumanne

Mkuranga, kwa kifupi. Jana jioni tulikwenda Mwandege kwa Barabara ya Kilwa. Mbagala Rangi Tatu peke yake ilikula dakika hamsini. Baba Watoto, aliyetoka dukani kivyake, alimwambia bodaboda ampeleke Kongowe akutane nami, na bodaboda akamuuliza, "Kongowe ipi, bosi?" Ipo hii ya kusini ukivuka Mbagala, na ipo nyingine Kibaha. Kama vile ilivyo Kisarawe ya milimani na Kisarawe II ya Kigamboni. Anayenunua kiwanja kwa simu na atafute kwanza ni Kongowe gani anayouziwa.

Nyumba ya Mwandege ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nzuri kupita kiasi: milioni 33, vigae chini, jipsamu juu, korosho nyuma. Karatasi? Makubaliano ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, basi. Eneo halijapimwa. Muuzaji wetu aliuziwa hivyohivyo na mtu aliyeuziwa hivyohivyo. Wapo maelfu wanaoishi kwa karatasi kama hiyo na wanalala usingizi. Mimi sina mishipa hiyo, na waliotukopesha hawana pia. Usiku malori ya viwandani yalipita mpaka alfajiri. Asubuhi nilifika kazini saa moja na dakika ishirini, nimepiga pasi kwa mgongo wa abiria wenzangu. Mkuranga tumeifuta.

Jioni hii tuko Kibaha, kwa wifi.

Jumatano

Nimekuja na roho ya kuikataa Kibaha, lazima nikiri. Imenishinda kuikataa kirahisi.

Kwanza barabara. Tangu Kimara hadi Kibaha Barabara ya Morogoro ni njia nane, kilomita 19 na kitu, na ukishatoka kwenye foleni ya Ubungo gari linaruka. Mbezi Luis kuna stendi kuu ya mabasi iliyofunguliwa mwaka 2021, kwa hiyo ndugu wa Moshi na Mwanza wakija hawana haja ya kuingia mjini kabisa. Kuna Hospitali ya Tumbi. Kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa na nchi za Nordik miaka ya 1960, na shule zake, ambazo Baba Watoto alizitaja mara saba. Kitinda mimba wetu yuko darasa la nne. Hesabu ya mwenzangu inakwenda mbali kuliko yangu.

Wifi alitupikia bada na samaki wa nazi, akatutembeza. Alituonesha mahali nyumba zilipokuwa. Mwaka 2017 bomoabomoa ya kupanua barabara ilipita kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ndani ya hifadhi ya barabara yenye mita 121.5 kila upande. Watu walikuwa na fremu za maduka, ghorofa, misikiti, makanisa. Rafiki yake mmoja alihamia Visiga akaanza upya na mabati aliyoyang'oa mwenyewe. "Kwa hiyo ukioneshwa nyumba karibu na lami," wifi alisema, "usifurahi. Pima kwanza." Tangu leo naipenda kidogo akili ya wifi yangu.

Usiku bomba la uani lilikohoa, likatema hewa, likanyamaza. Wifi akacheka: "Ni leo tu." Nilihesabu madumu: tisa. Si mabaya kama ya Kerege.

Alfajiri tulitoka wote wawili kujaribu, ingawa mimi leo naingia usiku. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, kituoni. Magari ya Mlandizi yalikuja yamejaa. La tatu ndilo lililotuchukua, mimi mguu mmoja. Mbezi tukabadili, Kimara Baba Watoto akaingia mwendokasi kwenda Gerezani na mimi nikaendelea Ubungo, kisha Ilala. Nilifika saa moja kasoro. Safari ya saa mbili na dakika chache. Hiyo inabebeka.

Dalali wa Kibaha alitaka pia kutupeleka Soga, "karibu na stesheni ya SGR, mama, mjini unafika chai haijapoa." Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kweli inasimama Soga. Lakini ratiba yake inamfikiria msafiri wa Morogoro na Dodoma. Nesi wa saa moja na nusu hayumo. Nilimuuliza dalali yeye mwenyewe anakuja mjini kwa usafiri gani. Kwa daladala, akasema, na kwa heshima yake alicheka.

Alhamisi

Nimetoka zamu ya usiku saa mbili. Ajali mbili, mama mmoja wa presha, mzee aliyekataa kulala. Baba Watoto alikuwa ametangulia Kibaha kuona nyumba nyingine Kwa Mathias, nikamwambia nakuja moja kwa moja.

Mbezi nilipata gari la Mlandizi, na siti, kwa kuwa saa hizo magari yanatoka mjini matupu. Nilikaa. Nakumbuka Kibamba. Kilichofuata nakumbuka harufu ya mishikaki na sauti ya mtu akiuza maji, nikafumbua macho: Mlandizi. Nimeipita Kibaha nzima nimelala, mdomo wazi, mkoba umefunguka mapajani. Hakuna kilichoibwa isipokuwa heshima yangu. Konda alisema, "Mama, ungesema unashuka wapi." Ningesema, baba, kama ningekuwa macho.

Nilirudi kwa nauli nyingine. Mara nane kwa mwezi mimi hutoka usiku. Mara nane kwa mwezi, kama nitahamia Kibaha, nitakuwa mwanamke anayelala ndani ya gari linalokwenda mbele ya nyumba yake.

Nyumba ya Kwa Mathias: milioni 47, hati ipo, maji yapo, uzio upo. Muuzaji, bwana mnadhifu, alikuwa na haraka ya kupata malipo ya awali leo leo. Nikauliza mama mwenye nyumba yuko wapi, nimsalimie. Yuko safarini Moshi. Basi nimpigie tu. Simu yake haina chaji. Na yeye Moshi amekwenda lini? Hapo majibu yakawa mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na hata kama sheria ingemruhusu, kwenye vitanda vyangu nimewaona wanawake waliogundua nyumba zao zimeuzwa. Nilimwambia Baba Watoto twende. Alisimama kidogo, akaitazama ile baraza ya vigae vyekundu. Kisha akaja.

Barabara nzima hatukuzungumza. Naingia tena usiku.

Ijumaa

Leo nilitaka kulala tu. Baba Watoto akanipigia saa mbili na robo: yupo Gongo la Mboto, Kisarawe imebaki, tuimalize ili wikendi tupumzike. Hatukuwa na mtu wa kuipigia debe Kisarawe. Iliingia kwenye orodha kwa sababu ramani haikuwa na mwingine wa kuweka upande ule.

Ilala, Buguruni, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto: mstari mmoja, bila kuzunguka. Katikati ya barabara kuna njia mpya za mwendokasi. Gongo la Mboto tulikutana, tukapanda gari la Kisarawe. Tulipoiacha Pugu Kajiungeni, Baba Watoto anasema, nilikuwa nimeshalala begani kwake. Kwa hiyo msitu wa Pugu sikuuona, wala Minaki, wala kile kilima.

Nilichosikia ni kidole kikigusa bega langu.

"Mama. Mama, tumefika. Gari inageuza."

Gari lilikuwa tupu. Konda alikuwa anafagia maganda ya machungwa chini ya siti, bila haraka. Stendi ndogo, mbuzi wawili, baridi. Baridi kweli, ya kufunga kanga mabegani, saa nne asubuhi, ilhali kabla ya saa mbili nilikuwa wodini najipepea kwa faili la mgonjwa.

Nilikaa kwenye siti ile dakika nzima. Baba Watoto alidhani naumwa. Nilikuwa nahesabu: gari linaishia hapa. Nikilala, naamshwa hapa. Alfajiri linaanzia hapa. Nakaa.

Tulitembea. Kisarawe si mji wa kumvutia mtu anayetafuta taa. Ilikuwa makao ya wilaya tangu zamani za Uzaramo na bado ina utulivu wa mahali pa ofisi: bomani, shule, hospitali ya wilaya, soko la mihogo na mananasi, watu wanaosalimia mpaka mwisho wa salamu. Nyumba za kuuza ni chache, na madalali wenyewe ni wachache, tulipewa mmoja tu na mama ntilie. Alitupeleka kwa mwalimu mstaafu anayehamia kwa mwanawe Morogoro. Mkewe alikuwepo. Mkewe ndiye aliyetaja bei, akakataa kupunguza, akatuletea chai, akakataa tena kupunguza.

Nyumba imepauliwa, ina milango na madirisha, haina dari wala sakafu ya maana. Vyumba vitatu. Kiwanja kimepimwa, hati ina jina la mwalimu. Milioni 38. Kosa lake liko nyuma: kiwanja kinashuka, na maji ya mvua yamechimba korongo ambalo mtoto anaweza kusimama ndani yake. Huku ni milimani, udongo wake ni uleule wa Pugu unaochimbwa kaolini, ukilowa unateleza kama sabuni. Kabla ya dari itabidi tujenge ukuta wa kuzuia, na milioni kumi zinazobaki zitaanzia hapo, huenda na kuishia hapo.

Nikatafuta madumu. Yalikuwepo mengi, yamekatwa nusu na kuoteshwa mchicha na vitunguu. Mama mwalimu aliona naangalia. Alisema zamani aliyafuata maji usiku, kwa zamu, na ndoa nyingi za Kisarawe zilitikiswa na ndoo. Mwaka 2020 mradi ukaleta maji ya Ruvu Juu kupitia Kibamba, ndipo madumu yakapata kazi nyingine.

Jumamosi

Tulilala gesti Kisarawe, blanketi mbili. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa stendi, tukachagua viti. Tulichagua! Ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu na kima walikuwa wanagombana mtini. Baba Watoto, ambaye kwa siku tatu hakuwa amenisemesha zaidi ya nauli, akaanza hadithi ya Mwalimu Nyerere: alikuwa akifundisha Pugu hapo chini huku anaongoza chama cha TAA na kisha TANU iliyozaliwa mjini Julai 1954, mpaka mwaka 1955 ikabidi aache ualimu. "Umeona," alisema, "hata yeye safari ya Pugu na mjini ilimshinda." Nikamwambia Mwalimu alikuwa anakwenda kudai uhuru, sisi tunakwenda kuuza spea.

Foleni ipo, tusidanganyane. Gongo la Mboto hadi uwanja wa ndege tulisimama mara tano. Lakini Ilala nilifika saa moja kasoro dakika ishirini, nimekaa, na leo ni Jumamosi kwa hiyo sharti letu wenyewe linaikataa hesabu hii. Jumatatu nitarudia.

Jumatatu

Jana jioni nilipanda peke yangu, nikalala kwa mwalimu, mkewe alisisitiza. Leo, siku ya kazi kamili: nimetoka saa kumi na moja kasoro robo, nimefika saa moja na dakika tano. Saa mbili na dakika ishirini, na yote nimekaa. Kibaha ilikuwa pungufu yake, nusu ya njia mguu mmoja.

Baba Watoto amepeleka nakala ya hati kwa ajili ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kuona kama kuna rehani au zuio. Hatutatoa hata senti kabla ya majibu. Fundi wa ukuta anakuja Alhamisi kulitazama lile korongo. Mama mwalimu amekubali kushuka laki tano, kisha akaniambia nisimwambie mumewe.

Shule bado inaniuma. Kibaha kwa shule ni Kibaha, na kitinda mimba akimaliza la saba tutalia au tutapanda gari.

Wifi hajaambiwa. Kazi hiyo nimemwachia kaka yake.